Jina lina mwenyewe, kulitaja ni ruhusa
Na Rehema Shekilindi

Juzi fundi wangu wa simu alinionesha tovuti aliyotengenezewa na mpwa wake. Juu kabisa imeandikwa: "Tunatengeneza simu za Kikorea na za Kimarekani." Nikamuuliza mbona hajaandika Samsung na iPhone. Akashusha sauti: "Dada, yale majina yana wenyewe. Nimeambiwa nikiyaandika nitashtakiwa."

Iliniuma. Mtu aliyepasukiwa kioo cha Samsung hutafuta fundi wa Samsung. Hakuna anayetafuta fundi wa simu ya Kikorea. Woga huu unamnyima riziki mtu anayesema kweli tupu.

Majina yana wenyewe, hilo sibishi. Lakini sheria ya alama za biashara ipo ili mnunuzi asidanganywe bidhaa au huduma imetoka kwa nani. Haikuwekwa ili kumziba mdomo kila anayeitaja bidhaa hiyo.

Huko California, mume na mke waliokuwa madalali wa magari walifungua tovuti yenye anwani buy-a-lexus.com. Kazi yao ilikuwa kumtafutia mteja Lexus kwa wauzaji walioidhinishwa, wakilinganisha bei. Toyota, wenye jina la Lexus, wakawashtaki, na mahakama ya kwanza ikawakataza kuliweka jina hilo katika anwani yoyote ya tovuti. Wawili hao walijitetea bila wakili. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilitengua katazo hilo. Jaji Alex Kozinski aliuliza jambo ambalo hata dalali wa Kariakoo angeuliza: anayeuza Lexus ataielezaje biashara yake bila kusema Lexus?

Mahakama haikuacha mlango wazi kwa kila mtu, na hapa ndipo wenye tovuti wanapaswa kutulia wasome maswali iliyoyauliza. Je, bidhaa inaweza kutambulika bila kutajwa jina? Je, umechukua zaidi ya unachohitaji? Je, umemfanya mteja adhani kampuni imekutuma? Anwani kama official-lexus-usa.com ingekuwa uongo. Madalali wale mwanzoni waliweka pia picha za magari na nembo ya Lexus, ile herufi L ya duara. Toyota walipolalamika, wakaviondoa, wakaandika kwa maandishi makubwa kwamba wao si Lexus. Jina lilikuwa hitaji lao. Nembo haikuwa.

Ulaya nako, mwaka 1999, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg iliamua kesi ya BMW dhidi ya mwenye gereji wa Uholanzi: fundi anaruhusiwa kutangaza kwamba anatengeneza BMW, mradi asijifanye mtu wa BMW.

Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Tanzania Bara, ambaye ataisoma Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Ila hoja ya hukumu hizo ni nzito popote, na ningependa mawakili wetu waisimamie kwa sauti.

Tukakaa na fundi, tukaandika upya: "Tunatengeneza Samsung na iPhone. Sisi ni mafundi wa kujitegemea, si mawakala wa kampuni hizo." Herufi za kawaida, rangi yake mwenyewe. Akafurahi, kisha akanionesha tofaa lililong'atwa alilochoresha mlangoni, kubwa kama sinia.

"Na hili?"

Nikamwambia atafute rangi alifute leo hii.