Mundu Kabla ya Vanishi

Fundi wa kuchomelea anayegeuza jembe kuukuu kuwa ndege wa bustanini hafanyi kosa lolote, ilimradi jembe lenyewe lilitoka kiwandani. Majembe hayo hutengenezwa kwa maelfu, yote sura moja, na yakishalika yanaishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Heri ndege kuliko mizani.

Lakini katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zipo zana za aina nyingine, zimechomekwa darini au zimeegemezwa kwenye banda la nyuma: mundu uliofuliwa na mhunzi wa kijijini, ambao Wanyambo, wenyeji wa huku, huuita omuhoro, uliopogoa migomba ya kibanja kimoja kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Huo nao sasa una soko. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, na kila anayejenga nyumba ya wageni akitarajia watalii anatafuta pambo lenye asili ya huku.

Wapo wanaosema zana ikishatundikwa imekufa. Siwaungi mkono, na historia ya Karagwe yenyewe haiwaungi. Msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, mwaka 1861 aliona ng'ombe wadogo waliotengenezwa kwa chuma. Msafiri mwingine, Stanley, alifuata mwaka 1876, akaingizwa kwenye nyumba ya hazina, na humo, pamoja na sanamu za bata za shaba na za ng'ombe wasio na vichwa, akakuta miundu ya chuma iliyofuliwa kwa ustadi hadi akaisifu kitabuni mwake. Mapokeo yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mhunzi. Kwa hiyo kuiweka zana mahali pa heshima ili itazamwe hatukufundishwa na wageni. Ila hazina ile iliuacha mundu uwe mundu, na ilikuwa na watu wa kuieleza.

Ninachokipinga ni msasa. Uchukue mundu wa zamani, uushike karibu na dirisha. Ubapa umelika zaidi upande mmoja, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na namna yake ya kuunoa juu ya jiwe. Mpini umelainika pale tu kiganja kiliposhika, kwingine bado una alama za tezo. Penye ufa pamefungwa ukanda wa bati na msumari mmoja. Hayo yote ni habari za kazi, na nusu saa ya msasa ikifuatwa na vanishi inazifuta. Kinachobaki ni chuma kinachong'aa, kisicho na mwenyewe.

Tusijidanganye lakini kwamba kabati la makumbusho linatosha. Kule Katuruka, Bukoba Vijijini, ambako utafiti ulionesha uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mwanaakiolojia Peter Schmidt alihitaji wazee. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga upya tanuri, wakafinyanga mirija ya udongo, wakavuta mivukuto, wakajaribu tena walipokosea. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Ujuzi ule haukuwa ndani ya mabaki yaliyofukuliwa, ulikuwa kwa wale wazee, na wangechelewa kuulizwa kidogo tu tungebaki na makapi ya chuma yasiyosema kitu.

Watetezi wa kugeuza zana kuwa sanaa hupenda mfano wa Msumbiji, ambako mwaka 1995 Baraza la Kikristo, kwa msukumo wa Askofu Dinis Sengulane, lilianza kukusanya silaha za vita na kuwapa wasanii wazikate wazifanye sanamu. Kazi nzuri sana. Lakini waliosalimisha bunduki walipewa nini? Majembe, baiskeli, vyerehani. Kilichokatwa kilistahili kukatwa, na jembe ndilo lililokuwa malipo.

Familia inayouza mundu wa babu ili mtoto aende sekondari sina haki ya kuilaumu. Basi maofisa utamaduni wa halmashauri za Karagwe na Kyerwa wayatangulie mauzo: picha, jina la aliyeufua, jina la aliyeutumia, na mzee mmoja arekodiwe kwa Kinyambo akionesha unavyoshikwa. Simu ya kawaida inatosha kwa kazi hiyo. Mnunuzi naye aandikiwe sharti la kutoukata wala kuusugua.

Na mwenye hoteli anayetaka miundu 20 ya kupamba ukumbi, kwa nini aipore kwenye mabanda ya wazee? Aagize mipya kwa mhunzi anayefua hadi leo, alipe bei ya kazi ya mikono, aitundike na kuipaka vanishi anavyopenda. Oda moja ya namna hiyo ingempa mhunzi sababu ya kumweka kijana kwenye mivukuto.