Mchezaji Chipukizi si Mali ya Watazamaji

Furaha ya watazamaji wa mpira si ushindi peke yake. Iko furaha nyingine, nayo ni kumtambua kijana hodari kabla watu wengine hawajamjua. Mtu akimwona kijana wa namna hiyo huwa kama aliyeokota fedha njiani: huwaambia jirani zake, huwaambia abiria wenzake ndani ya basi, na asiposadikiwa hukasirika. Katika michezo ya UMISSETA, na vile vile shule za Korogwe zinapocheza mechi za kirafiki na ndugu zetu wa Handeni, pembeni mwa kiwanja hapakosi mzee asemaye, "Shikeni maneno yangu, yule namba saba atafika Ulaya." Na karibu yake hapakosi mwingine amjibuye, "Wa namna hiyo tumewaona wengi."

Kwa maoni yangu wazee hao wote wawili wana haki. Lakini wote wawili waweza kumharibu kijana, yule kwa sifa na huyu kwa dharau, wasipokumbuka kwamba namba saba ni mtoto wa watu, wala si mali ya watazamaji.

Tuanze na yule mwenye matumaini. Yeye hakosi ushahidi. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, akachezea African Lyon na Simba, na mwaka 2011 akaenda Lubumbashi kuchezea TP Mazembe. Mwaka 2015 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, na Januari 2016 Samatta akatangazwa kuwa mchezaji bora miongoni mwa wale wanaocheza ndani ya bara hili. Mwezi ule ule akajiunga na Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2019 wakashinda ligi ya nchi hiyo. Januari 2020 alisajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Siku ya fainali ya Kombe la Ligi, Machi 1, 2020, alifunga bao kwa kichwa katika uwanja wa Wembley, ingawa Manchester City ndio walioshinda kwa mabao 2 kwa 1. Basi mtu akisema kwamba kijana wa Kitanzania aweza kufika mbali, hatuwezi kumwita mwongo.

Lakini wengi wetu husoma mwisho wa habari hiyo na kuruka katikati yake. Tangu Samatta aondoke Simba mpaka alipoingia Aston Villa ilipita miaka isiyopungua 8, na katika hiyo zaidi ya 4 aliitumia Lubumbashi. Hakulala katika kiwanja cha mtaani akaamkia Wembley. Tena hata alipofika huko mambo hayakuwa rahisi, kwani kabla mwaka ule wa 2020 haujaisha alikuwa amekwisha kwenda kucheza Uturuki. Mwenye kutumaini bila kuhesabu miaka hiyo hatumaini, bali anaota.

Sasa tumsikilize mwenye mashaka. Aprili 2019 nchi yetu ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika ya vijana wasiozidi miaka 17. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi wakati huo, nasi twakumbuka jinsi watu walivyosema kwamba safari hii kombe halitoki Dar es Salaam. Serengeti Boys walifungwa na Nigeria mabao 5 kwa 4, wakafungwa na Uganda 3 kwa 0, kisha wakafungwa na Angola 4 kwa 2. Walitoka bila hata pointi moja. Na liko jambo jingine la aibu zaidi kuliko kufungwa. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana wa umri huo huo ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya Afrika, ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kwa hiyo mashaka ya watu hayakuanguka kutoka mbinguni. Tuliyapanda wenyewe.

Katika timu ile ya mwaka 2019 alikuwamo Kelvin John, mzaliwa wa Morogoro, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 16. Kwa kuwa alikuwa na mbio na ujuzi wa kufunga, watu walimpa jina la Mbappé, yule Mfaransa aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 19. Waliompa jina hilo walimpenda, sina shaka. Lakini angalieni mzigo waliomtwika. Tangu siku hiyo kijana hakupimwa tena kwa jinsi alivyokuwa mwaka uliotangulia, bali alipimwa kwa mtu mwingine, aliyelelewa katika nchi nyingine, yenye viwanja na walimu wa mpira kwa watoto wadogo.

Na Kelvin John alifanya nini? Alikwenda Uingereza katika shule iitwayo Brooke House College, mjini Market Harborough, ambako vijana husoma na kufundishwa mpira. Mwaka 2021, alipotimiza miaka 18, akajiunga na Genk. Huko alicheza zaidi na timu ya vijana kuliko timu ya kwanza, na mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Mimi naiona hiyo kuwa safari njema ya kijana afanyaye kazi. Lakini kwa mtu aliyekwisha mwita Mbappé, safari hiyo ni kama deni lisilolipwa, naye huuliza kwa hasira, "Mbona hafiki?" Ningependa kumwuliza mtu huyo: deni hilo alilikopa nani? Kijana hakuahidi kitu. Sisi ndio tulioahidi kwa niaba yake, bila kumwuliza.

Wako wasemao kwamba dawa ni kumharakisha kijana, atupwe katika mashindano makubwa akajifunze huko huko. Hao nawakumbusha habari ya timu yetu ya taifa ya mpira wa magongo. Mwaka 1980 mataifa mengi yalisusia Michezo ya Olimpiki ya Moscow kwa ajili ya vita vya Afghanistan, na Tanzania ikapata nafasi katika mashindano ya wanaume ya mchezo huo. Ilicheza na India, nchi iliyokuwa imetwaa dhahabu ya mchezo huo mara nyingi, ikafungwa mabao 18 kwa 0. Ikamaliza ya mwisho katika timu 6. Siwacheki wachezaji wale, maana walivaa jezi ya taifa na kucheza mpaka filimbi ya mwisho. Nasema tu kwamba mlango ukifunguliwa ghafula, mtu asiyejiandaa huingia na kuumia.

Katika michezo ile ile ya Moscow, Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Na Bayi huyo aweza kuwafundisha wote wawili, mwenye matumaini na mwenye mashaka. Mwaka 1972 alikwenda Olimpiki ya Munich akiwa na miaka 19, akatolewa katika hatua za mchujo. Kama wakati ule angalikubali kuambiwa kwamba hana kitu, hadithi ingaliishia hapo. Lakini aliendelea na mazoezi, na Februari 2, 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, na John Walker wa New Zealand akafuata nyuma yake. Miaka isiyofika miwili ilitosha kumgeuza aliyeshindwa kuwa bingwa. Je, sisi huwapa vijana wetu hata miezi miwili?

Nayasema haya kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani mwetu. Hapa shuleni yuko kijana wa Kidato cha Pili, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Handeni, ambaye anacheza mpira kuliko umri wake. Sitalitaja jina lake, maana limekwisha kutajwa kupita kiasi. Amepewa majina manne ya wachezaji wa Ulaya katika mwaka mmoja. Akifunga hubebwa mabegani, na siku alipokosa penalti baadhi ya wanafunzi walimzomea mpaka bwenini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema akitukanwa kila siku naye mwishowe hushuka mnazini asipande tena.

Muhula huu amekuja mtu aliyejiita wakala wa wachezaji. Amemwambia baba yake kijana kwamba atampeleka Dar es Salaam, na baada ya miezi michache Ulaya, ila sharti aondoke sasa hivi, kabla ya upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili, na mzazi atangulize fedha za pasipoti na za usafiri. Baba yake ni mkulima wa mahindi, naye ameanza kufikiri kuuza mbuzi. Mabweni yamegawanyika. Wengine husema aende, wengine husema abaki.

Mimi nasema abaki, na sababu yangu ya kwanza si maneno ya hekima bali ni kanuni. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu mpira. Ndiyo maana Kelvin John alisajiliwa Genk alipofikisha miaka 18, wala si alipokuwa na 15. Mwenzetu ana miaka 15. Basi mtu anayemwahidi klabu ya Ulaya baada ya miezi michache, ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri sana. Wazazi wote mnaosoma gazeti hili, tafadhali likumbukeni hilo kabla hamjafungua zizi.

Rafiki yangu mmoja amenijibu hivi: "Shule ipo kila mwaka, lakini mguu huzeeka." Hoja yake ni nzito, nami siidharau. Ni kweli kwamba mchezaji ana miaka michache, na mwenye kuchelewa sana hukosa. Lakini mguu huo huo waweza kuvunjika akiwa na miaka 19, na asiye na cheti hapo atashika nini? Tena mkataba wa mpira huandikwa kwa maneno. Asiyeweza kuusoma atatia sahihi jambo asilolijua, na jasho lake litaliwa na mwingine. Kwa upande mwingine, sikubaliani na wale wazee wasemao kwamba mpira ni kazi ya walioshindwa masomo. Kelvin John mwenyewe alipita shuleni ndipo akafika Genk. Vitu hivi viwili si maadui, ila huwa maadui tunapomlazimisha kijana kuchagua kimoja kabla ya wakati.

Kwa hiyo nina mapendekezo machache. Kwanza, tumwite kila mchezaji kwa jina alilopewa na wazazi wake. Pili, majaribio yafanyike wakati wa likizo, mzazi akiwapo na mwalimu wa michezo akiwa na habari. Tatu, umri utajwe ule wa cheti cha kuzaliwa, wala asikubali mtu kumpunguzia hata mwaka mmoja, maana tumeona mwaka 2005 jinsi uongo wa mmoja ulivyowafungia mlango wengine wote. Nne, sisi watazamaji tushangilie mchezo mzuri na tunyamaze palipo na makosa, kwa sababu kocha yupo, naye ndiye mwenye kazi ya kusahihisha. Tano, Jumamosi tutoke na majembe tukasawazishe lile goli la upande wa juu lenye changarawe. Ni bure kumtabiria mtu Wembley huku tunamwacha aanguke juu ya mawe.

Mwenye matumaini aendelee kutumaini, na mwenye mashaka aendelee kuuliza, maana maswali yake yanatulinda na matapeli. Huyu mwenzetu akifika mbali, tutamsikiliza redioni kwa furaha. Asipofika, akawa fundi, au mwalimu, au mkulima mwenye elimu yake huko Handeni, hatakuwa amemwibia mtu yeyote kitu. Atakuwa amecheza vizuri alipokuwa kijana, nasi tutakuwa tumemwona.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne