UCHAMBUZI: Mbao mbichi zinavyowaponza maseremala wa Eldoret

MASEREMALA wa Eldoret hawalii kwa kukosa kazi. Kilio chao kikubwa ni kazi inayowarudia. Mlango uliofungwa vizuri msimu wa mvua huanza kupinda ifikapo Januari na Februari, jua linapowaka na upepo kuwa mkavu. Meza hupasuka katikati, droo hukataa kufunguka na viungo vya kiti hulegea ingawa gundi ilikuwa ya kutosha. Mteja humlaumu fundi, naye fundi humlaumu mwenye kiwanda cha kupasulia mbao. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini mbao iliyokauka sawasawa imekuwa adimu katika mji unaozungukwa na misitu na mashamba ya miti.

Mti unapoangushwa huwa umejaa maji. Yale yaliyo ndani ya mirija yake hutoka kwanza, na mbao haibadiliki sana kwa umbo. Unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, maji yaliyoshikwa na nyuzi zenyewe huanza kutoka, na hapo ndipo mbao husinyaa. Isitoshe, haisinyai kwa usawa. Kwa kawaida husinyaa kuizunguka duara ya pete za mti karibu mara mbili kuliko kuelekea kwenye kiini, na kwa sababu hiyo hujikunja. Fanicha ya ndani ya nyumba huhitaji mbao yenye unyevu wa asilimia 12 hivi. Inayorandwa ikiwa na asilimia 25 itamalizia kukauka sebuleni mwa mteja.

Kuifikisha mbao ngumu kwenye kiwango hicho kunahitaji muda. Ubao wa unene wa inchi moja ukipangwa kivulini, ukainuliwa kutoka ardhini na kutenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili hewa ipite, waweza kuchukua miezi kadhaa hadi mwaka mmoja. Tanuri la kukaushia huifanya kazi hiyo kwa majuma machache, lakini mtambo wake ni ghali na hula moto na umeme.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mbao inayokauka ni fedha zilizolala. Mwenye kiwanda kidogo amekopa ili anunue magogo, na deni halingoji mbao ikauke. Akikaa nayo mwaka mzima kisha asipate bei tofauti na ya jirani aliyeuza mbao ya juzi, atakuwa amejipunja mwenyewe. Soko la mji huuza kwa futi na kwa unene. Unyevu hautajwi kwenye risiti.

Sera za misitu nazo zimechangia. Marufuku ya ukataji miti iliyowekwa mwaka 1999 ilidumu zaidi ya mwongo mmoja, huku kampuni chache kubwa, ikiwamo Raiply ya papa hapa Eldoret, zikiruhusiwa kuendelea kuvuna. Februari 2018 serikali ilisitisha tena ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha ikaongeza muda mara kadhaa. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, lakini Chama cha Mawakili nchini (LSK) kikaelekea mahakamani kupinga hatua hiyo. Haja ya kulinda vyanzo vya maji haina ubishi. Hata hivyo, mfanyabiashara asiyejua kama mwaka ujao atapata magogo hawezi kujenga tanuri wala bohari ya kukaushia. Yeye huuza alicho nacho leo.

Uhaba huo uliwasukuma wengi kwenye mikaratusi ya mashamba ya watu binafsi, ambayo mara nyingi hukatwa ingali michanga. Mkaratusi ni mti mgumu na wenye nguvu, lakini ukiharakishwa kukauka hupasuka na kujikunja kuliko miti mingi. Mafundi wenye wateja wa uwezo hutafuta mvule na mkangazi, ambazo nyingi hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na kupitia Uganda. Mvule husifiwa kwa kutulia ukishakauka, ila kusafirishwa mbali si sawa na kukauka. Aidha, tangu Februari 2023 mikangazi ya Afrika imo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa husimamiwa na mkataba wa CITES, hivyo mnunuzi ana sababu mbili za kuuliza shehena ilitoka wapi na ina stakabadhi gani.

Kwa sasa mnunuzi anaweza kujilinda. Kipima unyevu ni kifaa cha mkononi, na hutoa picha ya kweli zaidi kikipima sehemu iliyokatwa upya katikati ya ubao kuliko juu juu. Asiye nacho aweza kukata kipande, akakipima uzito, akakikausha kwenye joko lenye joto la nyuzi 103 hivi hadi uzito uache kupungua. Kipande cha gramu 560 kikibaki na gramu 500 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12. Kilichoanza na gramu 650 na kubaki na 500 kilikuwa na asilimia 30, na hakifai kwa mlango.

Lakini suala hili si la mnunuzi peke yake. Tangu Julai 2022, fanicha ni miongoni mwa bidhaa zilizowekewa ushuru wa asilimia 35 zikiingia Afrika Mashariki kutoka nje, na serikali imeahidi mafundi wa jua kali kandarasi za milango ya nyumba za bei nafuu. Ushuru utamzuia mshindani mpakani, ila hautauzuia mlango wa kwetu kupinda.

Eldoret, iliyotawazwa jiji Agosti 2024, haina upungufu wa maarifa. Chuo Kikuu cha Eldoret, huko Chepkoilel, kimerithi masomo ya misitu yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Moi, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) imeyafanyia kazi masuala ya ukaushaji kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni bohari na tanuri la pamoja ambalo viwanda vidogo vingelilipia kwa matumizi, pamoja na desturi ya kuandika kiwango cha unyevu kwenye risiti. Hapo mwenye kungoja atalipwa kwa kungoja kwake.

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Mbao mbichi ni rahisi siku ya kununuliwa tu. Salio lake hulipwa na fundi, kwa jina lake.