Kizunguzungu cha Kwenye Sijida



Mzee akiinuka kutoka sijida, au akigeuka kitandani, dunia ikamzunguka kwa sekunde chache, wengi wetu husema ni presha, au jini. Maoni yangu: tuanze kwa daktari.

Ndani ya sikio mna chembe ndogo mno za chokaa. Zikibanduka zikaingia kwenye mifereji ya sikio, kila kichwa kikiinama mtu huhisi anazunguka. Vidonge havizirudishi. Mwaka 1992 daktari Mmarekani, John Epley, alichapisha njia yake: daktari huyatazama macho yanavyochezacheza ajue sikio lenye tatizo, kisha humlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zirudi mahali pake. Ni dakika chache tu, na wengi hupona.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia kujitibu. Akishindwa kusujudu, asali kwa kukaa na kuashiria, asiache sala. Ila ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea, huenda ni kiharusi: mkimbizeni hospitali.

Wabillahi tawfiq.