Kuua saratani maabara bado sio kuponya mtu

Mmeanza tena. Wiki hii nimetumiwa ile video ya "dawa ya saratani ya kongosho imepatikana" mara nne, na wa nne kunitumia ana mgonjwa nyumbani. Ndio maana naandika.

Kile mnaona kikiyeyuka kwa hizo video si mtu. Mara nyingi hata si panya. Ni oganoidi, yaani kauvimbe kadogo kalikokuzwa maabara. Kipande cha uvimbe wa mgonjwa kinachukuliwa, seli zake zinatenganishwa, zinawekwa ndani ya jeli na kulishwa, na baada ya wiki kadhaa zinajikusanya na kubeba tabia nyingi za uvimbe wenyewe. Kina Hans Clevers wa Uholanzi walianza na utumbo 2009. Kufikia 2015, wakishirikiana na David Tuveson wa Cold Spring Harbor, Marekani, walikuwa wamekuza za saratani ya kongosho.

Mimi naipenda hii kazi, msinielewe vibaya. Huu ugonjwa hauna muda wa kubahatisha. Mwaka 2011, utafiti wa Ufaransa ulifuata wagonjwa 342 ambao saratani ilikuwa imeshasambaa. Kwa waliopewa gemcitabine peke yake, nusu walikuwa wamefariki kufikia miezi 6.8. Kwa waliopewa FOLFIRINOX, mchanganyiko wa dawa nne, ni miezi 11.1. Lakini huo mchanganyiko ni mkali, na sio kila mwili unauweza. Sasa fikiria ungejaribu dawa kwa uvimbe wako mwenyewe kabla ya kuumizwa nayo. Kundi la Tuveson lilikuza oganoidi 66 na kuzichapisha 2018, na kweli kila moja ilijibu kemo kivyake.

Tatizo ni vile tunaruka kutoka hapo mpaka "imepatikana". Saratani ya kongosho hujijengea ukuta wa tishu ngumu unaobana mishipa ya damu, dawa inapenya kwa shida. Kwa ile jeli hakuna ukuta. Hakuna damu, hakuna ini, hakuna seli za kinga. Dawa inamwagwa tu juu ya uvimbe. Jamani, hata Jik ingeua hizo seli! Na kuna vipande vinakataa kabisa kumea, na kuna wagonjwa hawana hizo wiki za kungoja.

Halafu familia inapokea video usiku, asubuhi inaongea habari ya kuuza shamba iende India kutafuta dawa ambayo haijawahi kuingia mwili wa binadamu yeyote.

Kabla utume, angalia: imejaribiwa kwa watu wangapi, na waliishi muda gani zaidi? Kama hiyo haiko, mpigie tu huyo mwenye mgonjwa umuulize kama amekula.