Dada wa Muleba Kwenda Italia Kusomea Ualimu wa Watoto: Cha Kucheka Nini?

Bukoba mjini stori ni moja: dada mmoja wa Muleba anataka kwenda Bergamo, Italia, kusomea ualimu wa Montessori. Wengine wanacheka eti, "Upande ndege ukajifunze kuchezesha watoto?"

Wadau, tulieni. Njia hii Maria Montessori aliianzisha Roma mwaka 1907, na Bongo ipo siku nyingi, masista wanafundisha walimu wake. Shida ni kwamba kwetu mara nyingi inaishia chekechea. Mtoto aliyezoea kushika vitu, kuhesabu mwenyewe na kuuliza, akifika darasa la kwanza anaanza kuitikia tu nyuma ya mwalimu. Kozi ya Bergamo ni ya kufundisha watoto wa miaka 6 hadi 12, palepale panapovuja.

Ishu sio ndege, ishu ni kurudi. Akiishia shule ya matajiri Dar, Muleba imepata nini? Ila akikaa na watoto wa Kamachumu wakapanga buni za kahawa kumikumi mpaka wakaijua mia kwa mikono yao, nauli imelipa.

Kwa hiyo ndugu wanaochanga wasiulize, "Ulaya utatuletea nini?" Waulize, "Ukirudi utafundisha wapi?"

Wewe ungemchangia? Dondosha maoni hapo chini.