Fanyeni mtihani kabla ya mtihani

Ndugu yangu unayelenga shule ya biashara ng'ambo, hali yako naifahamu. Mchana uko kazini, jioni uko kwenye foleni, na saa tatu usiku ndipo unafungua kitabu cha GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule hizo, macho yenyewe mazito. Unasoma sura ya uwiano na asilimia, unapigia mstari, unaridhika kwamba umeelewa. Kesho unahamia sura nyingine. Miezi inapita hivyo, na mara ya kwanza kuketi mbele ya kompyuta huku muda ukihesabiwa kurudi nyuma kwenye kioo inakuwa ndiyo siku ya mtihani wenyewe, ambao ada yake inazidi dola 200 za Marekani. Nakuomba sana, usifike huko hivyo.

Linalonishangaza ni kwamba sisi tumelelewa na pasti pepa. Nani alimaliza kidato cha nne Tanzania bila kupitia mtihani wa utamilifu, ule tunaouita moku? Tulikopeshana karatasi zilizochakaa, tukasahihishana kwa kalamu nyekundu, tukabishana hadi usiku juu ya swali moja la hesabu. Mtu akishapata shahada na kazi, ule utaratibu anauona wa kitoto. Anabaki kusoma na kurudia kusoma, kama anayesoma gazeti.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vinne waliongoza. Baada ya wiki moja kibao kiligeuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 61 ya kifungu, na wale wa kusoma tu kama asilimia 40. Sasa jiulize, mtihani wako uko baada ya dakika tano au baada ya wiki kadhaa?

GMAT yenyewe inaadhibu mazoea ya kusoma bila kujipima. Tangu Novemba 2023 ina sura mpya: maswali 64 kwa saa mbili na robo, katika sehemu tatu za dakika 45 kila moja, yaani hesabu, lugha na uchambuzi wa data. Alama zinaanzia 205 hadi 805. Kompyuta inakuchagulia swali linalofuata kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia, kwa hiyo ukifanya vizuri maswali yanazidi kuwa magumu, na mtu asiyelizoea hilo anadhani ameanza kuharibu. Maswali ya hesabu ni 21. Una dakika mbili na sekunde chache kwa kila moja, bila kikokotoo. Ukiacha maswali bila kujibu, alama zinakatwa. Mwisho wa kila sehemu, kama muda umebaki, unaruhusiwa kurudi na kubadili majibu yasiyozidi matatu. Kujua lini uliache swali gumu uendelee na safari, hilo kitabu hakiwezi kukufundisha.

Chukua mfano wa aina moja ya swali inayowasumbua watu wetu. Duka limeuza magunia ya mchele na ya sukari tu. Ya mchele yalikuwa mangapi? Kauli ya kwanza inasema magunia yote yalikuwa 40. Kauli ya pili inasema ya mchele yalikuwa mara tatu ya ya sukari. Mtu aliyesoma shule zetu anakimbilia kukokotoa, anapata 30, anafurahi, kisha anatafuta 30 kwenye majibu na haioni. Swali linataka useme kama taarifa ulizopewa zinatosha: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote mbili kwa pamoja, yoyote kati yake, au hata zikiunganishwa hazitoshi. Hapa zote mbili kwa pamoja zinatosha, na ulipaswa kuliona hilo na kusonga mbele bila kukokotoa hadi mwisho. Tabia ya kutafuta jibu imetukaa tangu darasa la kwanza, na inahitaji maswali mengi ya majaribio ili ilegee.

Majaribio ya kweli ni machache, basi yatumie kwa ubahili. GMAC, baraza linaloendesha mtihani huu, linatoa mawili kamili bure. Mengine ni ya kulipia. Fanya la kwanza mapema, ukishazijua aina za maswali, ili ujue unapoanzia. La pili liweke hadi wiki mbili au tatu kabla ya siku yako. Ukilirudia jaribio lile lile karibu karibu utakutana na maswali uliyokwisha kuyaona, na alama utakayopata itakudanganya. Na ukilifanya, lifanye lote kwa mkupuo mmoja, simu ikiwa imezimwa, bila chai ya katikati zaidi ya mapumziko ya dakika kumi yanayoruhusiwa. Kwenye kituo cha mtihani hutapewa karatasi na penseli; utapewa kijitabu kinachofutika na kalamu ya maka. Tafuta kibao kidogo cha kufutika ujizoeze nacho.

Kazi kubwa huanza jaribio likiisha. Wengi hutazama alama, wakaisifu au kuilaani, wakalala. Wewe fungua daftari la makosa. Kwa kila swali ulilokosa andika sababu: hukulijua somo, ulilijua ukakosea hesabu, hukusoma swali vizuri, au muda ulikubana. Yale uliyobahatisha ukapata, yaandike pia. Bahati hiyo haitakusindikiza. Kama uchambuzi wako haukuchukua muda mrefu kuliko jaribio lenyewe, ulikuwa wa juujuu.

Kuna wanaouza "maswali halisi" kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Waacheni. Mwaka 2008 GMAC ilifuta matokeo ya watahiniwa 84 kwa sababu ya maswali yaliyovujishwa kwenye mtandao, na vyuo walivyopeleka alama zao vikaarifiwa. Mtu ajinyime mwaka mzima halafu aangushwe na faili alilonunua kwa elfu kumi?

Wito huu si wa watahiniwa peke yao. Dada na kaka mliokwisha kupita njia hii, tafuteni mmoja anayejiandaa, kaeni naye baada ya jaribio lake, mpitie makosa swali kwa swali. Mume au mke wa mtahiniwa, mpe Jumamosi asubuhi moja watoto wakiwa kwa bibi. Kelele za nyumbani na umeme unaokatika vimeharibu majaribio mengi ya watu wenye akili. Walimu wakuu, viongozi wa misikiti na makanisa, wakurugenzi wa ofisi: mnavyo vyumba vyenye meza, umeme na utulivu vinavyofungwa mwisho wa wiki. Fungueni kimoja kwa saa tatu, mwacheni kijana wenu afanye jaribio lake hadi mwisho. Anzeni Jumamosi hii.